Nyumba Ambayo Haikuungua

Ndugu zangu, wamaman na wapapa mulioketi hapa, kabla sijasema neno nataka kuwaondolea wasiwasi. Tangu nimesimama naona macho yenu yanakwenda kule nyuma, kwenye yale makarton matatu chini ya dirisha. Nimeyafungua mimi mwenyewe asubuhi, nikayafunga, nikayafungua tena. Ni vitabu vya nyimbo. Hakuna mafuta, hakuna sabuni, hakuna bashi ya kufunika nyumba. Mwenye kuja kwa ajili ya bashi anaweza kutoka sasa, na hatutamuangalia vibaya. Mimi pia niliingia hapa kwa ajili hiyo.

Naona hakuna aliyetoka. Maman mmoja pale amefunga kikwembe chake kiunoni vizuri zaidi, kama mutu aliyeamua kungojea mpaka mwisho. Sawa, Maman. Nami nilifanya hivyo.

Maman anayeongoza vikao ameniomba niwaeleze vikao hivi ni nini na vinamusaidia nani. Mimi si mutu wa masomo makubwa. Nauza maharagi na sambaza kule Kadutu. Wengi munanijua: ni yule anayepima kopo mara mbili mbele ya macho yako, na bado unaondoka ukijiuliza umeibiwa wapi. Hukuibiwa. Ni tabia yangu tangu utoto, kila kitu nahesabu mara mbili. Basi nitawaeleza kwa njia ninayoijua, nikianzia pale nilipoanguka.

Vita ya kwanza ilipoingia mujini, kila mutu hapa alikuwa na barabara yake ya kukimbilia. Yangu ilikuwa ya Kavumu, kwenda Lwiro kwa dada yangu mukubwa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa. Nilitoka hapa na watoto wawili, musichana wa miaka saba na kijana wa miaka mine. Nilifika Lwiro na mutoto wangu mumoja. Ilikuwa namna gani, nitasema mbele kidogo, pale nilipoisema mimi mwenyewe mara ya kwanza. Mujue tu kwamba kijana wangu nilimutafuta Kavumu, Katana, Kalehe, mpaka Minova sokoni, na sikumupata.

Nilirudi Bukavu na binti yangu. Na nikaanza kumufunga.

Nawaambia wazi kwa sababu nimesema nitawaambia wazi. Nilichana kikwembe, nikafunga upande mumoja kwenye mukono wangu na upande mwingine kwenye mukono wake, tulale hivyo. Halafu na sokoni, mguu wake kwenye mguu wa meza. Wenzangu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaacha kuangalia. Shuleni sikumupeleka. Vita ya pili ilipofika tulikuwa bado hivyo, na yeye alikuwa amefikia miaka tisa.

Dada yangu alikuja kutoka Lwiro kuleta viazi. Alisimama mbele ya meza yangu na hakusalimia.

"Hii ni nini?"

"Ni mutoto wangu."

"Mutoto namuona. Nauliza hii kamba."

"Haiko kamba. Ni kikwembe."

"Mbuzi yangu kule Lwiro iko na kamba murefu kupita ya huyu mutoto," akasema. "Na ile mbuzi inakulaka majani ya batu. Huyu amekula nini ya mutu?"

Akapiga magoti, akafungua fundo mbele ya soko lote. Nilimushika mukono. Yeye ni mukubwa, ana mikono ya kulima. Alinitoa kama unavyomutoa kuku kwenye unga. Akaniambia, "Siku utaweza kumuacha atoke inje na arudi bila weye kumukimbilia, nitamurudisha. Mbele ya ile siku, hapana."

Akaondoka naye kwenda Lwiro, na ndiyo hivyo nilivyobaki peke yangu. Nilifungua soko, nilifunga soko. Mutu akiangusha sufuria nilikuwa chini ya meza kabla ya sufuria kufika chini. Sambaza nilizihesabu moja moja, munielewe, sambaza, samaki wa urefu wa kidole. Wanunuzi walihamia kwa jirani.

Sasa, wakati ule munakumbuka hapa mujini ilikuwa namna gani. Ukiona kaye, daftari la majina, imefunguliwa na watu wanaandikwa, unaandikwa, maswali baadaye. Jirani aliniambia kuna maman anaandika majina hapa parokiani, watu kumi tu, walioumizwa na vita. Watu kumi tu! Kwa akili yangu ya soko, kikundi kidogo maana yake sehemu kubwa. Nikaandikwa siku ya pili ya juma kwa jina langu la utoto. Kisha nikasikia kuna kikundi kingine siku ya ine, kule Ibanda. Nikaandikwa kwa jina la ndoa.

Siku ile ya ine naingia Ibanda, nani amekaa kwenye kiti cha kuongoza? Maman ni yule yule.

"Maman," akasema, "juzi ulikuwa na jina ingine."

"Yule ni pacha yangu."

"Pacha yako alivaa hiki kikwembe."

"Tunagawanaka."

Aliniangalia bila kukasirika. "Basi mwambie pacha yako arudi siku ya pili. Hapa pamejaa."

Ndivyo nilivyobaki na kikundi kimoja.

Kikao chenyewe kiko hivi. Viti kumi na kimoja kwa duara. Nilivihesabu mara mbili, pamoja na milango, ambayo ni miwili. Watu ni wale wale kila wiki. Mulango wa mbele unafungwa, lakini mwenye kutaka kutoka anatoka. Maman kiongozi alisoma masharti. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Hakuna anayelazimishwa kusema. Hakuna anayemukata mwenziwe maneno. Na mutu hatoi shauri mpaka mwenyewe aliombe.

Nikainua mukono. "Hilo la mwisho haliwezekani, Maman. Hapa ni Bukavu."

Walicheka. Lakini, ndugu zangu, liliwezekana.

Kabla ya kuongea tunaweka miguu yote miwili chini, tunavuta pumzi polepole, tunataja vitu tunavyoviona ndani ya chumba, ili akili irudi pale ambapo mwili umekaa. Mimi niliona ni muchezo wa watoto. Nilifanya kwa sababu nilidhani anayefanya vizuri atatajwa wa kwanza siku ya kugawa.

Zamu yangu ilipofika, nilitoa hadithi niliyokuwa nimeitayarisha. Nilikuwa nimepiga hesabu: mutu ambaye nyumba yake imeungua anapewa bashi na vyombo vya jikoni. Basi nyumba yangu iliungua. Nikaiunguza vizuri. Niliunguza vitanda, vikwembe vya sanduku, sufuria zote. Nikaongeza mbuzi saba, halafu nikaona saba ni wengi kwa mutu wa Kadutu, nikaacha watatu. Maman mumoja alilia. Nilirudi nyumbani nikijua nimeuza vizuri.

Wiki iliyofuata yule maman aliyelia alikuja na kitu ndani ya mufuko. Nimeomba ruhusa yake kusema haya. Ni mujane aliyetoka upande wa Mwenga na watoto watano, anaosha nguo za watu. Akakitoa: sufuria, ya ukubwa wa kati, imesuguliwa kwa muchanga mpaka inang'aa.

"Nilikuwa nazo mbili," akasema. "Chukua, usipikie mu kopo."

Mimi nyumbani nilikuwa na sufuria sita. Sita, na vifuniko vyake.

Nimefanya biashara kwenye vita mbili. Nimebishana na askari kwenye barieri ya barabarani juu ya gunia la maharagi na nikaondoka na gunia. Sikuwahi kukosa neno. Pale nilikosa. Niliweka ile sufuria kwenye magoti. Nikasema, "Nyumba yangu haikuungua."

Wote wakanigeukia.

"Haikuungua hata ukuta. Iko pale pale. Na mbuzi sikuwahi kuwa naye hata mumoja."

Kijana mumoja akasema, "Ni mwizi huyu." Mwingine akasema, "Anatuchezea." Walikuwa na haki. Maman wa sufuria alikaa tu, mikono juu ya kikwembe, na uso wake sikuweza kuuangalia. Nikasimama niondoke.

Kulikuwa na papa mumoja, mwalimu muzee, ambaye kwa vikao viwili hakuwa amefungua kinywa. Yeye pia ameniruhusu. Akaniuliza, kwa ile sauti ya kumuuliza mwanafunzi aliyekosa hesabu lakini hajapigwa bado:

"Maman. Nyumba haikuungua. Basi nini njo iliungua?"

Nikakaa. Na nikasema.

Nilisema kwamba baada ya Kavumu mvua ilianza kunyesha. Kila mutoto barabarani alikuwa amefunikwa kipande cha gunia kichwani, wote wanafanana. Nilikuwa na muzigo mukubwa kichwani, sikuweza kuinamisha shingo. Nilikuwa nikiwahesabu kwa mukono: nagusa kichwa, mumoja, nagusa kichwa, wawili. Risasi zikalia nyuma yetu, watu wakaingia kwenye migomba, tukatoka upande mwingine. Nikapapasa. Mumoja, wawili. Nikarudia, kama kawaida yangu. Mumoja, wawili. Nikasema asante Mungu, tukatembea.

Binti yangu akaniita, "Maman." Nikasema, "Nyamaza, tembea." Baada ya muda akaniita tena. Nikasema, "Nyamaza, tembea."

Tulifika Lwiro jioni. Dada yangu akanipokea muzigo, akawatoa watoto yale magunia. Akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?"

Alikuwa mutoto wa mutu mwingine. Wa kimo kile kile. Alishika kikwembe changu kwenye migomba na hakukiachilia, na hakusema neno njia yote.

Niliwaambia pia jambo ambalo padri mwenyewe sikumuambia. Yule mutoto tulimulisha wiki tatu, na wiki tatu sikumuangalia usoni. Nilimuchukia kwa sababu alikuwa pale. Mama yake alipomupata, alinipigia magoti kwenye matope akiimba kwa shukrani, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikabaki kule mpaka waondoke.

Nilipomaliza, hakuna aliyesema pole haraka haraka. Walikaa nami. Ndugu zangu, hiyo ni kazi, kukaa. Maman wa sufuria ndiye alisema kwanza. "Weye ulimulisha mutoto ya mwingine. Pengine wako pia kuko mutu alimushika, anamulisha."

Papa mwalimu akatikisa kichwa. "Tusimudanganye. Hatujui."

Maman wa sufuria akafikiri. "Kweli. Hatujui."

Wakazunguka duara zima, mumoja mumoja. Hatujui, Maman. Hatujui. Hata yule aliyeniita mwizi. Niwaeleze jambo hili kwa sababu ndilo nililokuja kusema. Kwa miaka yote watu walinipa aina mbili za maneno: atarudi, au Mungu amemuchukua. Kila mara nilikuwa peke yangu kati ya hayo mawili, kwa sababu mimi sikuwa nimejua lipi. Siku ile watu kumi walikuja kukaa pale nilipokuwa. Nililia mpaka pua ikaziba. Nilitembea kurudi Kadutu na sufuria kichwani, na mutu akaangusha debe barabarani, na sikuingia chini ya kitu.

Musifikiri nilipona siku ile. Kikundi si sindano.

Baada ya hapo wakaniuliza nataka nini, nikasema namutaka binti yangu. Maman kiongozi akasema tuchague hatua moja ndogo kabla ya kikao kingine. Hapo ndipo waliponikuta kwenye biashara yangu.

"Amuache aende kisimani peke yake," akasema yule kijana.

"Mpaka mulangoni," nikasema.

"Mulangoni haiko kutoka. Mpaka ku barabara."

"Barabara ni yenu. Mimi nasema kwenye ngazi ya inje."

"Nyuma ya nyumba ya dada yako kuko nini?" akauliza papa mwalimu.

"Muti wa avoka."

"Basi avoka. Tumemaliza."

Nilijaribu kuuliza kama ni avoka ya upande wa huku au wa kule. Walikataa.

Nikaenda Lwiro, nikapita barieri zote, nikakaa kwenye kiti nyuma ya nyumba ya dada yangu, miguu miwili chini. Binti akatembea kuelekea kwenye muti. Nilivuta pumzi kumi na moja. Ya kumi na mbili nilikuwa nimekwisha kumukimbilia na kumushika, na yeye analia, na dada yangu amesimama mulangoni na muiko mukononi.

Nikarudi kwenye kikao na aibu. "Nimeshindwa."

"Ulikaa pumzi ngapi?" akauliza maman wa sufuria.

"Kumi na moja."

"Mbele ya hapo ulikuwaka na ngapi?"

"Hakuna."

"Sasa unalia nini?"

Ndivyo tulivyokwenda. Avoka. Halafu kona ya shamba. Halafu kwa jirani kuomba moto, na kurudi. Kila wiki nilileta habari kwenye duara, kila wiki tulibishana juu ya hatua inayofuata, na wao walikuwa wamejifunza bei zangu. Nikisema kumi walijua ni ishirini.

Jambo moja halikuwa na bei. Maman kiongozi aliniuliza kama nimewahi kuongea na binti juu ya ile barabara. Sikuwahi. Nilimukalisha chini ya ule muti, nikamuambia: siku ile uliniita mara mbili, na mimi nilikunyamazisha. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe.

Alichezea majani. Akasema, "Nilizani nilisema pole pole sana."

Miaka mitatu, ndugu zangu. Miaka mitatu mutoto yule alikuwa anafikiri ndugu yake alipotea kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi namufunga mukono, na ndani yeye amejifunga mwenyewe, na hatukuambiana. Ndiyo sababu nawaambia wazazi hapa, kikundi cha watoto kipo, wanachora, wanacheza, wanaongea wanapotaka. Binti yangu aliingia. Usimuache mutoto nyumbani kwa sababu eti hajui kitu. Anajua, na ameweka hesabu yake mwenyewe.

Siku moja, kule Lwiro, nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagi uwanjani. Binti akachukua bidon ya maji, akaenda kisimani. Nikaendelea na maharagi. Dada yangu alikuwa ananitazama mimi zaidi kuliko alivyomutazama mutoto. Binti akarudi, maji yanamwagika kwenye mguu, anaimba wimbo wa hovyo.

"Mutoto amerudi," akasema dada yangu.

"Nimeona."

"Ulimuangalia mara ngapi?"

"Mara mbili tu."

Akaingia ndani. Nikadhani nimeshindwa tena. Akatoka na nguo za binti zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka magotini mwangu juu ya maharagi. "Sasa na miye nitalia," akasema, "na sitaki unione." Akarudi ndani.

Sasa munauliza, vinamusaidia nani? Nimeona mwanamuke aliyefanyiwa ubaya ambao hakuweza kuutaja, na hakuna aliyemulazimisha autaje, akaanza kulala. Nimeona wapapa wanaopiga watu nyumbani kwa sababu ya hofu wakijifunza kuiita hofu kwa jina lake. Lakini si kila mutu wa duara. Kulikuwa na muchimbaji wa dhahabu kutoka Shabunda, alikuja mara mbili, akasema maneno ya wengine yanamuongezea mizigo; maman kiongozi akamusikiliza peke yake, na hilo likamufaa. Na mwenye kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, au mwenye kutaka kujiua, huyo tunamupeleka kwa muganga wa hospitali kwanza, siku ile ile, tukimushika mukono. Duara litamungojea.

Nawashukuru. Namushukuru dada yangu aliyenitia aibu sokoni. Namushukuru papa mwalimu kwa swali lake. Maman wa sufuria nilitaka kumurudishia. Alikataa, akasema nimupikie mutoto, na wiki hii tumekula naye nyumbani kwangu. Namushukuru maman kiongozi, aliyejua nina majina mawili na akaniachia kiti. Na Mungu, aliyenivumilia.

Funzo langu ni dogo. Leta lile lililo la kweli, hata kama halina sura nzuri, hata kama halina mwisho. Ukileta la uongo watakuonea huruma, na hiyo huruma itakwenda kwa mutu asiyekuwepo. Wewe utabaki pale pale.

Kijana wangu bado namutafuta. Kila nikienda Minova kununua maharagi nauliza. Siku yake ya kuzaliwa tunaiweka, mimi na dada yake, tunaongea juu yake kwa sauti ya kawaida.

Na binti yangu anasoma sasa. Siku ya kwanza nilimufuata mpaka katikati ya njia, akageuka akasema, "Maman, nimekuona nyuma ya maman wa mikate, rudi." Nikarudi. Leo shule imetoka kabla sijaanza kuongea na nyinyi. Pengine yuko njiani, pengine amesimama kwa wenzake wanaruka kamba. Yuko wapi dakika hii, sijui, na munaona wenyewe nimesimama hapa naongea, na bado nina maneno.